Bustani ya Utulivu Shuleni Hupangwa Kiangazi

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wazazi, walimu, wajumbe wa Kamati ya Shule na wahitimu wa kisomo, kwenye uwanja wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Shinyanga.)



Nimeambiwa kwamba katika mkutano wenu uliopita mlikubaliana kutenga kipande cha ardhi ya shule kwa ajili ya bustani ya utulivu, na kwamba mara baada ya kukubaliana yakaanza mabishano. Mimi sikusikitika kusikia hivyo. Jambo ambalo watu hawalibishanii mara nyingi ni jambo ambalo hawajalifikiri. Leo nimeombwa nieleze mambo matatu: bustani hiyo ni kitu gani, inatusaidia nini, na tuitengeneze vipi ili isife. Waliokuja na daftari na waandike, kwa sababu ndani yake mna hesabu.

BUSTANI YA UTULIVU NI NINI?

Bustani ya mboga tunaijua. Bustani ya maua mbele ya ofisi ya mwalimu tunaijua pia, ile yenye mawe yaliyopakwa chokaa, ambayo mtoto akiikanyaga anapigiwa kelele. Bustani ya utulivu ni nyingine. Ni mahali pa nje penye kivuli na viti, palipo mbali kidogo na kelele, ambapo mtu anaruhusiwa kuingia, kukaa, kusoma, kuandika, kufikiri au kupumzika bila kusumbuliwa.

Mzee mmoja hapa ameniuliza tulipokuwa tunasalimiana: "Ndugu Afisa, bustani hiyo inaliwa?" Swali zuri, mzee wangu. Ardhi ni mali, na anayeomba ardhi lazima aseme itazaa nini. Nami nitajibu bila kuzunguka: hailiwi. Mkitaka mahindi, limeni shamba la shule, na liwepo. Lakini tuangalie bustani hii inazaa nini.

Kwanza, mtoto. Elimumsingi bila ada ilipoanza mwaka 2016, watoto wengi waliokuwa nyumbani walikuja shuleni. Hilo ni jema kabisa. Lakini madarasa yakajaa. Mtoto aliyebanwa kwenye dawati na wenzake wanne anasikia sauti za darasa la pili kupitia ukutani, na hana hata nafasi ya kuweka kiwiko aandike. Akirudi nyumbani anakuta kuni, maji, mdogo wake wa kubeba, na giza. Mwambie mtoto huyo "kasome", atauliza, "Wapi?" Hatuna jibu. Bustani ni jibu.

Pili, wapo watoto wenye jambo moyoni. Yuko aliyefiwa na mzazi. Yuko anayetaniwa na wenzake kwa sababu ya ulemavu au nguo iliyochanika. Mtoto wa namna hiyo wakati wa mapumziko hujificha nyuma ya choo. Je, huko ndiko tunakotaka akae? Akiwa na mahali pa heshima pa kukaa, mwalimu anamwona, anaweza kumfuata polepole na kumwuliza, "Mwanangu, kuna nini?"

Tatu, ninyi wahitimu wa kisomo. Nataka tuambiane ukweli hapa. Kusoma ni kama jembe: lisipotumika hushika kutu. Wapo watu waliojifunza kusoma vizuri wakapata na cheti, na leo wakipewa barua wanamtafuta mtoto awasomee. Hawakuwa wajinga. Walikosa mahali na wakati wa kusoma. Jioni jikoni pana moshi, na taa ni ya kubania. Lakini saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni jua bado liko, watoto wamekwenda nyumbani, na uwanja wa shule ni mtupu. Bustani hiyo saa hizo ni yenu.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kusoma kitabu pamoja. Katika vijiji vingi kazi hiyo ilifanyika chini ya mti, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Mti na kusoma katika nchi yetu ni marafiki wa siku nyingi.

MICHE HUFIA WAPI?

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Ndugu zangu, kupanda mti si kazi kubwa. Shimo, mche, udongo, makofi, picha. Kazi ni kuukuta mti huo ungali hai Oktoba.

Katika shule moja niliyoitembelea, ambayo sitaitaja, ilipandwa miche 60 kwa siku moja. Mgeni rasmi alikuwepo na ngoma ililia. Nilipofika Oktoba ilikuwa imebaki miche minne. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine ilikauka. Nikauliza, hii minne imeponaje? Nikaoneshwa. Ilikuwa kando ya mahali watoto wanaponawia mikono. Hakuna mtu aliyeipangia maji, ilijipatia yenyewe. Mnaona? Mche haukuhitaji maneno matamu. Ulihitaji maji ya kunawa na kuwa mahali ambapo mbuzi hapiti.

Kwa hiyo nasema hivi: bustani hupangwa kiangazi, hupandwa wakati wa mvua. Mtu anayepanga bustani wakati wa mvua huona kila kitu ni rahisi, kwa sababu wakati huo hata fimbo ikichomekwa ardhini huchipua. Kaa chini mwezi wa Agosti, vumbi likiruka na kisima kikiwa chini, ndipo ujiulize: "Maji yatatoka wapi, atayabeba nani, na mbuzi nitamzuia kwa nini?" Ukipata majibu matatu, panda. Usipoyapata, subiri.

Sisi wa mkoa huu tunalo somo letu wenyewe. Wazee mnakumbuka jinsi misitu ilivyokatwa, mingine ikifyekwa ili kuondoa mbung'o, mingine kwa ajili ya mashamba na kuni, hata nchi ikabaki wazi. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi tuliujua kwa jina la HASHI. Mafanikio yake makubwa yalitoka wapi? Yalitoka kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kulifunga eneo la malisho wakati wa mvua ili majani yasitiri ng'ombe wakati wa kiangazi. Watu wakafunga maeneo, visiki vilivyokuwa ardhini vikachipua, miti ikarudi. Maeneo ya ngitili yaliyokuwa kama hekta 600 tu mradi ulipoanza yalifika zaidi ya hekta 300,000 ulipomalizika mwaka 2004. Babu zetu walijua: kwanza funga, ndipo ardhi ikupe. Bustani ya shule ni ngitili ndogo ya watoto.

TUCHAGUE MAHALI GANI?

Msichague kwa kusimama ofisini na kunyosha kidole. Tembeeni uwanja mzima mara tatu: asubuhi, saa sita, na jioni. Angalieni mambo haya:

Kelele. Sikilizeni mashine ya kusaga, barabara, kiwanja cha mpira na bomba la maji. Watu hudhani ua wa miti utazuia kelele. Ua mwembamba huzuia macho na vumbi, kelele hupita. Kinachopunguza kelele ni umbali. Basi bustani iwe upande ulio mbali na vitu hivyo.

Macho. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, hasa akina mama. Utulivu si maficho. Bustani ionekane kutoka ofisi ya walimu, na iwe na milango miwili ili mtoto asizuiwe mahali pamoja. Ua ukatwe usipite kiuno cha mtu mzima. Miti ipunguzwe matawi ya chini ili mtu aone chini yake mpaka upande wa pili. Binti yetu akae humo akiwa na amani, na mzazi apite njiani amwone.

Maji. Iwe mahali ambapo maji ya mvua ya bati au ya kunawia yanaweza kuelekezwa kwa mfereji mdogo. Lakini pasiwe bondeni panapotuama maji, maana tutafuga mbu.

Kesho. Hili husahaulika sana. Muulizeni Mwalimu Mkuu darasa jipya litajengwa wapi, nyumba ya mwalimu wapi, choo wapi. Nimeona miti ya miaka sita ikikatwa asubuhi moja kwa sababu fedha za darasa zilikuja na hakuna aliyekuwa ameweka bustani kwenye mchoro wa shule. Basi bustani ichorwe kwenye mchoro huo, na uamuzi uandikwe katika kumbukumbu za mkutano wa kijiji na za Kamati ya Shule. Ninyi mnajua kusoma na kuandika. Hapa ndipo elimu yenu inapolinda mti.

HESABU YA ENEO, MITI NA MAJI

Tuchukue mfano. Tupime eneo lenye urefu wa meta 30 na upana wa meta 20. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu meta moja, lakini kamba iliyopimwa ni bora zaidi. Eneo lote ni 30 x 20, yaani meta za mraba 600.

Mzunguko wake ni 30 + 20 + 30 + 20, yaani meta 100. Tukipanda ua wa michongoma, mche mmoja kila nusu meta, tunahitaji kama miche 200. Tukiacha milango miwili yenye upana wa meta moja na nusu kila mmoja, itabaki michache ya akiba. Ua huo utachukua miaka miwili au mitatu kufunga. Kabla ya hapo tuweke boma la matawi ya miiba. Tahadhari: tukate matawi, tusikate miti. Kuua miti mia ili kulinda kumi na miwili ni kazi ya bure.

Ndani tuweke miti 12: mistari mitatu yenye miti minne minne, mti mpaka mti meta 7. Mtasema ni michache. Miche ikiwa midogo eneo huonekana tupu, na mtu hushawishika kubana. Baada ya miaka kumi matawi yatakutana, na yule aliyebana atakuwa anakata.

Sasa maji. Kila mche mchanga tuupe lita 10 mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi.

Lita 10 x mara 2 x miche 12 = lita 240 kwa wiki.

Lita 240 ni ndoo 12 za lita 20.

Kuanzia Juni mpaka mwisho wa Oktoba ni kama wiki 22. Ndoo 12 x 22 = ndoo 264.

Ndoo 264! Hapo ndipo miche 60 ya shule ile ilipofia. Kwa kipimo hicho hicho walihitaji ndoo 60 kila wiki, na hakuna aliyekuwa ameandika hesabu hiyo ubaoni. Na ule ua wetu wa michongoma je? Tuupande mvua ya kwanza kabisa ili mizizi ishuke, tuuwekee majani makavu, na utakaokufa tuzibe pengo mwaka unaofuata.

Ndoo hizo atazibeba nani? Tusijifanye hatujui. Tusiposema neno, zitabebwa na wasichana wa shule hii. Msichana wa miaka kumi asikose somo la hesabu kwa sababu ya mti. Kama kijiji kina vitongoji vinne, kila kitongoji kilete ndoo tatu kwa wiki. Ndoo tatu! Baba mwenye baiskeli anazimaliza kwa safari moja au mbili.

Lakini pia tupunguze ndoo hizo. Milimeta moja ya mvua ikianguka juu ya meta moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Paa la darasa lenye urefu wa meta 20 na upana wa meta 8 ni meta za mraba 160. Mvua ya milimeta 10 inalipa paa hilo lita 1,600. Hata nyingine ikimwagika, tukikinga lita 1,200 hizo ni maji ya miche yetu kwa wiki tano. Tangi la lita 5,000 likijaa mwisho wa mvua linakaribia kutosha kiangazi kizima. Bila shaka watoto wanywe kwanza. Maji ya vibuyu chirizi vya kunawia, ambayo sasa yanatengeneza tope, yaelekezwe kwenye mashina. Na chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo chini, ikafukiwa nusu kando ya mche na kujazwa maji, hudondosha polepole pale penye mizizi, wala jua haliyapati kwa urahisi.

TUPANDE NINI?

Mwarobaini unavumilia ukame na una kivuli kizuri. Mjohoro hukua haraka. Mkwaju hukua polepole, lakini huishi miaka mingi, na aliyeupanda huwapandia wajukuu. Nashauri myarobaini mitano, mijohoro mitatu, mikwaju miwili, na miti miwili ya asili ambayo wazee mtaichagua wenyewe. Msipande aina moja tu. Mdudu au ugonjwa ukija usimalize yote.

Mkaratusi hapana. Unakunywa maji mengi, na sisi tunayahesabu kwa ndoo. Mwembe je? Nauheshimu mwembe kwa kivuli na tunda. Lakini ninyi mnawajua watoto. Embe zikianza kuiva, mawe yanaruka, na utulivu unahamia kijiji cha jirani. Upandeni, ila upande mwingine wa uwanja.

Kisha kuna mimea ya hatari. Minyaa tumezoea kuifanya ua wa nyumba, lakini utomvu wake ukiingia jichoni huunguza vibaya sana. Mbegu za mbono kaburi na za mbarika ni sumu, na watoto huzichezea na kuzitafuna kwa kuwa zinapendeza. Mimea hiyo mitatu isiingie shuleni kabisa, wala kwenye ua.

Chini ya miti tupande mchaichai na mrehani kando ya njia. Sababu ni hii: kama tuna mtoto asiyeona, pua yake itamwambia amefika kwenye njia ya bustani. Njia iwe na upana wa meta moja na nusu, iwe tambarare, pembeni mawe yaliyopangwa, ili mwenye kiti cha magurudumu apite na mwenye fimbo aguse ukingo.

KALENDA YA KAZI

Julai na Agosti: kutembelea uwanja, kuchora, kugawana maji. Kuanza kitalu au kuagiza miche. Mbegu za mwarobaini zisiwekwe. Hupoteza nguvu ya kuota baada ya muda mfupi.

Septemba na Oktoba: kuweka boma la miiba na kuchimba mashimo. Kila shimo liwe na sentimeta 60 kila upande na kina cha sentimeta 60. Udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba, uwekwe upande wake. Wa chini upande wake. Udongo wa juu uchanganywe na debe moja la samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Novemba na Desemba: kupanda. Msikimbilie mvua ya kwanza kwa miche ya kivuli. Ngojeni udongo ulowe mpaka chini. Ondoeni mfuko wa plastiki wote, wala usiachwe shimoni. Acheni kisahani cha udongo kuzunguka shina kishike maji. Wekeni majani makavu, ila yasiguse shina, kwa sababu yataita mchwa.

Angalieni jambo moja hapa. Shule hufungwa Desemba, na hupumzika tena Juni. Maana yake ni kwamba miche inapopandwa, na tena kiangazi kinapoanza, watoto hawapo! Basi miezi hiyo bustani iwe mikononi mwa wanakisomo, kwa zamu iliyoandikwa majina na kubandikwa kwenye mlango wa ofisi.

VITI NA TARATIBU

Viti si lazima vinunuliwe. Magogo, mawe bapa, au matofali ya kuchoma yanatosha. Kwa mtu mzima kiti kiwe na kimo cha sentimeta 45, kwa watoto wadogo sentimeta 30. Jua la jioni liko magharibi, kwa hiyo kivuli cha jioni huangukia mashariki ya mti. Kiti cha wanakisomo kiwekwe upande huo. Viti vya watoto vya asubuhi viwekwe magharibi ya mti. Viwekwe viwili viwili au kimoja kimoja. Mkiweka duara kubwa mmetengeneza baraza, na baraza halinyamazi.

Mawe yasirundikwe ovyo na majani yafyekwe, ili nyoka asipate nyumba.

Utulivu hauletwi na kibao kilichoandikwa KIMYA! Huletwa na desturi. Watoto wenyewe waulizwe wanataka kanuni gani, wasizidi tano, waziandike. Nami nawaombea watoto mambo mawili kwa walimu wenzangu. La kwanza, kumwagilia bustani kusiwe adhabu. Mtoto aliyechelewa akipewa ndoo kama adhabu, atajifunza kuuchukia mti. La pili, fimbo isikatwe kwenye miti hii. Mtoto hawezi kupumzika chini ya mti unaomchapa.

MANENO YA MWISHO

Ndugu zangu, wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Tumezoea kuliona neno hilo kuwa la mtu mmoja na jasho lake. Hapa ni letu sote. Jua tutakalochumia ni la Agosti hii, na kivuli watalia watoto ambao baadhi yao bado wako migongoni mwa mama zao hapa mkutanoni. Yule mzee aliyeniuliza kama bustani inaliwa, naona anacheka. Mzee wangu, nakuomba wewe uchague ile miti miwili ya asili.

Nawaachia maswali manne mkajadili katika vikundi vyenu, kila kikundi kiandike majibu yake na kuyaleta kwa Mwalimu Mkuu:

1. Katika uwanja wetu, ni mahali gani pana kelele kidogo na panaonekana kutoka ofisini?

2. Kitongoji chetu kitaleta ndoo ngapi kwa wiki, siku gani, na nani atasimamia?

3. Tukipanda miti 20 badala ya 12, tutahitaji ndoo ngapi kwa wiki? Na kwa wiki 22?

4. Mbuzi wakiingia bustanini, mwenye mbuzi atafanya nini?

Swali la nne jibuni kabla ya kupanda, wakati bado hakuna mwenye hasira.